Hoho kwenye faneli

Leo asubuhi mama kaingia chumbani akakuta hoho imekaa ndani ya faneli ya bati, ile tuliyokuwa tunamiminia mafuta ya taa zamani, nimeilaza ubavu dirishani na mimi nimejilaza kifudifudi na kamera. Akasimama weee halafu akasema, "Baba, hiyo hoho ya mboga hiyo." Nikamwambia mama nipe nusu saa tu.

Kosa la Edward Weston bwana, yule mpiga picha Mmarekani. Mwaka 1930 huko California jamaa alitumbukiza hoho kwenye faneli ya bati akaipiga picha ya nyeusi na nyeupe, wenyewe wanaiita hoho namba 30, na ukiikazia macho unaona mgongo wa mtu, unaona misuli, mboga huioni. Mchawi ni bati, linarudisha mwanga mpaka kwenye mikunjo ya pembeni kwa hiyo hata upande wa kivuli haufi. Miaka miwili baadaye yeye na wapiga picha wenzake kina Ansel Adams na Imogen Cunningham wakaunda kikundi wakakiita f/64, yaani lile tundu dogo kabisa la lenzi, ukilitumia kila kitu kinatoka kikali cha karibu mpaka cha mbali. Walikuwa wamechoshwa na picha za ukunguukungu zinazojifanya michoro.

Mimi nilivyoanza nilidhani nyeusi na nyeupe ni kutoa rangi basi. Wikiendi napiga harusi, jumatatu naziokota zile zilizoharibika rangi, nazipandisha kontrasti, yaani cheusi kizidi weusi na cheupe weupe, naposti, watu wanaweka moto moto. Mpaka siku nikampiga shangazi kavaa kitenge chekundu kasimama mbele ya mwarobaini, kwenye rangi picha imewaka, kutoa rangi tu shangazi hayupo! Nyekundu na kijani zimegeuka kijivu kilekile, kabaki uso na mikono vinaelea kwenye majani. Hapo ndo nikajua kwa nini wazee waliweka filta nyekundu, kile kioo cha rangi, mbele ya lenzi, nyekundu inang'aa, kijani kinazama, anga la bluu linakaribia kuwa jeusi. Siku hizi unasogeza tu kwenye kompyuta, ila kama hukuamua kabla ya kubonyeza shata unajisumbua.

Mjini nafukuzia zege. Soko la Kariakoo, lile jengo alilolichora msanifu Beda Amuli la miaka ya 70, paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa ili ikinge maji ya mvua, na watu tunapita chini yake macho kwenye pochi (haki yetu). Lilipoungua 2021 nikafungua hadidisiki nitafute picha yake, nina mabibi harusi mia nane na soko hata fremu moja ya maana sina. Iliniuma.

Halafu jua letu. Kila anayefundisha picha anakwambia saa sita mchana weka kamera ndani, sawa kwao, ila hapa Dar mwanzoni mwa Machi na tena kwenye tarehe 10 Oktoba jua linakaa utosini kabisa, nguzo inasimama bila kivuli, na ngazi za nje zinabaki na uzi mmoja mweusi chini ya kila kidato. Nimezipiga za jengo moja mjini, fremu nne, mlinzi kaja "kibali kiko wapi", tatu zimetikisika. Ya nne imetulia, mistari safiii, ila kidato cha tatu kuna ndala ya mtu, moja, imepinduka. Nimeifuta kwenye kompyuta nikairudisha, nimeifuta tena nikairudisha.

Ya hoho je? Sekunde sita nimeacha shata wazi mwanga uingie, bodaboda kapita nje, dirisha likatetemeka, picha ikatikisika. Nikajaribu tena, mama kagonga.

Tumeila mchana na dagaa. Faneli nimeificha uvunguni.