Miezi 7

Leo nimemaliza dozi ya mwisho ya trastuzumabu. Mwaka mzima wa dripu kila baada ya wiki 3, kwa saratani ya matiti.

Nikamuuliza daktari kwa sauti ya chini: naweza kubeba mimba lini?

Nisubiri angalau miezi 7, akasema. Dawa hutoka mwilini polepole, na mimba ikiingia mapema, maji yanayomzunguka mtoto tumboni yanaweza kupungua hadi kumdhuru.

Mwaka mzima nimepimwa moyo, maana dawa hii inaweza kuudhoofisha. Habari za uzazi hakuna aliyezigusa mpaka nilipouliza mwenyewe. Hilo limeniuma sana.

Nilipotoka nikakaa kwenye ngazi, nikahesabu miezi kwa vidole. Kidole cha 7 nikakishika, sikukiachia.

Dada zangu mliopitia hapa, nyie mliambiwa mapema? Mlisubirije?