Jinsi nilivyoachana na kahawa ya kila siku bila kuumwa kichwa

Kilichokuwa kikinirudisha kwenye kahawa ni maumivu ya kichwa tu. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huizuia adenosini, kemikali ya ubongo inayoleta usingizi na kutanua mishipa ya damu. Ukiacha ghafla, mishipa ya damu kichwani hutanuka na kichwa huanza kugonga, mara nyingi ndani ya saa 12 hadi 24. Kwa hiyo niliacha polepole. Nilichanganya kahawa ya kawaida na ile iliyoondolewa kafeini, nikawa naongeza hii ya pili kila wiki mpaka ya kwanza ikaisha. Kikombe cha jioni nilikiondoa mapema kabisa, maana baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini. Na soma pakiti za dawa za maumivu: baadhi zina kafeini! Sasa naamka mwepesi, nalala vizuri.