Chuma cha Kuvunjia Nazi

Mwaka 2004 nilikuwa karani wa vikao kwenye halmashauri. Kazi hiyo huifanya kwa masikio na mkono wa kuandikia, mdomo unauacha nyumbani. Tanga ilikuwa bado manispaa, ujiji ulikuja mwaka uliofuata, na zimamoto ilikuwa bado idara ya halmashauri kama zilivyo masoko na usafi. Vijana wanaowaona faya wa leo na vyeo vyao mabegani hawaamini nikiwaambia kwamba zamani matairi ya gari lao yalijadiliwa na madiwani meza moja na mafagio ya sokoni. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilikuja 2007, ndipo wakahamia Wizara ya Mambo ya Ndani.

Taarifa ya zimamoto ilikaa nyuma kabisa ya kabrasha, kabla tu ya mengineyo. Kufika hapo ni saa nane mchana, feni linazungusha joto lile lile, wajumbe wanasikia harufu ya pilau inayopita nje ya mlango. Mwenyekiti anauliza, "Waheshimiwa, tuipokee?" Wanajibu, "Ipokelewe!" Nami naandika: taarifa ilipokelewa.

Siku hiyo diwani mmoja mtu mzima, aliyewahi kuwa baharia, akanyoosha mkono. Tulidhani anaomba ruhusa ya kwenda kuswali.

"Mkuu wa zimamoto, hebu nieleze. Gari lako likifika kwenye moto, lina maji ya dakika ngapi?"

Mkuu wa zimamoto alikuwa mtu wa maneno machache. Akasimama, akavuta shati. "Tangi ni lita 4,000, mheshimiwa. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unatoa kama lita 500 kwa dakika. Basi ni dakika nane. Tukifungua mipira miwili, nne."

"Halafu?"

"Halafu tunatukanwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka, na yule baharia hakucheka. Kicheko kilipoisha akaendelea kueleza, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maisha yangu yote ya kuishi Ngamiani. Watu husema faya wamekuja bila maji. Mara nyingi wamekuja nayo, yakaisha, na gari likalazimika kwenda kujaza huku paa linaendelea kuwaka na watu wanaokota mawe. Dawa yake ni visima vya zimamoto: toleo kwenye bomba kubwa la mtaa, limefukiwa chini ya kifuniko cha chuma. Unafunua, unachomeka bomba la kusimama, unafungua kwa ufunguo mrefu wenye kichwa kama herufi T, unaunga mpira. Ukishaunga hapo, habari ya dakika nane imekwisha.

"Tunavyo?" baharia akauliza.

"Kwenye ramani vipo."

Kamati ikaazimia kukagua uendeshaji wa idara nzima, si kwa makaratasi bali kwa miguu. Kituoni sina mengi ya kusema, ila buti. Zilipangwa mstari ukutani, na juu ya kila jozi suruali imeshushwa na kukunjwa kuzunguka shingo za buti, mtu akiruka ndani anavaa vyote kwa mpigo. Diwani mmoja mwanamama alizitazama muda mrefu, akasema, "Kama watu wamesimama humo." Tukakagua na daftari la matukio: saa ya kupigiwa simu, saa ya kutoka, saa ya kufika, mahali maji yalikotolewa. Safu hiyo ya mwisho ilikuwa na neno moja kutoka juu hadi chini ya ukurasa: gari, gari, gari.

Kisha ramani ikaletwa. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kitambaa, imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imetoboka, na juu yake viduara vidogo vya wino mwekundu. Ngamiani ni rahisi kusoma kwenye ramani, barabara zake ni za namba na zimenyooka kama mistari ya daftari. Mkuu wa zimamoto akaweka kidole kwenye kona moja. "Tuanze na hiki. Nyumba zimebanana, na kama kinafanya kazi kinahudumia mitaa mitatu."

Barabara ya ngapi sitaji, wenyewe wa mtaa watanielewa. Nilitazama kile kidole, nikaona mwembe, nikaona duka la mafuta ya taa, nikaona kibaraza. Nikajua papo hapo kilipo kifuniko. Nilikuwa nimekikalia utoto wangu wote.

Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua kwenye kona hiyo tangu mimi niko darasa la pili. Jiko la mkaa upande huu, beseni la mchele uliosagwa upande ule, na kigoda chake katikati. Pembeni ya kigoda, kwenye mchanga, palitokeza ukingo wa chuma, mpana kama kiganja. Hapo ndipo alipovunjia nazi. Kila alfajiri, ka! ka! mara mbili, maji ya nazi kwenye kikombe changu, kisha mbuzi inaanza kukuna. Tulikiita chuma cha nazi. Sikumbuki mtu yeyote kuuliza ni cha nini.

Ningeweza kusema palepale kituoni. Sikusema. Nilijiambia karani hachangii mjadala, na ni kweli hachangii, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliona mgambo, niliona karai likipakiwa kwenye gari la halmashauri, niliona ada yangu ya shule yote aliyonilipia kwa vitumbua. Nikaandika: kisima cha kwanza kitakaguliwa kesho asubuhi.

Usiku nilikwenda kumsalimia nikiwa na nia ya kumwambia ahamishe jiko kimyakimya. Nikamkuta analoweka mchele, amechoka, anaulizia mke wangu. Nikala, nikaaga.

Asubuhi tukafika: madiwani watano, mkuu wa zimamoto na vijana wake wawili, mtu wa maji na futi kamba yake. Watu wakamwamkia mama, shikamoo, marahaba wanangu. Mimi nikamwamkia kama wengine, nikajificha nyuma ya faili. Mtu wa maji akapima kutoka ukuta ulioandikwa kwenye ramani, kumbe ukuta ule ulishavunjwa ukajengwa mwingine mbele zaidi. Wakachimba shimo la kwanza, wakapata mzizi wa mwembe. La pili, wakapata kiatu. Jua likapanda. Waheshimiwa wawili wakaanza kula vitumbua. Yule mwanamama alisema vina iliki ya kutosha, na nikaona mama amefurahi.

Wakaanza shimo la tatu, hatua kama sita kutoka kwenye jiko. Nilikuwa nimeshika kalamu na mkono unanitoka jasho.

Mama akageuza kitumbua kwa kijiti chake, akauliza bila haraka, "Wanangu, hasa mnatafuta nini?"

"Kifuniko cha chuma, mama," kijana wa zimamoto akajibu, anapumua kwa tabu. "Kiko chini ya mchanga mahali hapa."

"Kile cha nazi?"

Akasimama, akasogeza kigoda kwa mguu, akafagia mchanga na majivu kwa ufagio wa njiti. Kikatokea mraba mweusi, ukingo mmoja umeng'aa kama fedha kwa nazi za miaka yote hiyo. Hakuna aliyesema kitu. Kisha mama akanitazama mimi moja kwa moja, mbele ya waheshimiwa wote. "Na wewe si ulikuwa unakijua?"

Baharia akageuka, akanitazama mimi, akamtazama mama, nadhani akaona pua zetu. Akarudi kwenye kitumbua chake.

Kifuniko kilikataa hadi kikapigwa mtaimbo. Ndani mlikuwa na mchanga, vifuu na senti za zamani. Wakasafisha, wakachomeka bomba, kijana akauzungusha ule ufunguo kwa uzito wa mwili wake wote. Kwanza ikaja pumzi, kama mtu anayeguna usingizini. Halafu tope. Halafu maji mekundu ya kutu, na watoto wa mtaa wakaingia humohumo na sare zao za shule. Yalipokuwa meupe mkuu wa zimamoto akaletewa pipa la lita 200, akahesabu kwa sauti. Likajaa kwenye arobaini. Nikafanya hesabu pembezoni mwa karatasi: lita 300 kwa dakika. Si 500, lakini haya hayaishi.

Mama alihamia upande wa pili wa mwembe, kwa hiari yake, na kijana wa zimamoto akambebea jiko. Mgambo hakuja. Kwenye muhtasari niliandika, "Kisima kilipatikana," na mwenyekiti akasaini bila kuuliza kilipatikanaje.

Wiki iliyofuata walikuja kukipaka kifuniko rangi nyekundu ili kionekane. Nilipopita Ijumaa kumwona mama, kwenye rundo la taka nyuma ya mwembe kulikuwa na vifuu vinne vipya, vyote vina alama ya rangi nyekundu.