Patela ni nini hasa? Ni pia ya goti

Wiki mbili zimepita tangu mama ateleze pale soko ya Kibuye, ilikuwa Jumapili, watu wamejaa na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, akaangukia goti la kulia na beseni ya omena bado iko mkononi. Goti likafura. Tukapanda tuktuk hadi kliniki moja hapa Kisumu, akapigwa piksha, daktari akaiangalia kwa taa akasema patela iko sawa, akaandika dawa ya maumivu, akaita mgonjwa mwingine. Mama hakuuliza kitu. Lakini tukirudi, kwa tuktuk, akanishika mkono polepole: "Nyathina (mwanangu), hiyo patera ni ugonjwa gani? Inatibika?"

Iliniuma sana. Mtu amepewa habari njema na anaenda nayo nyumbani ka msiba, juu ya neno moja tu.

Sasa patela si ugonjwa. Ni ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, ule unachubuka ukipiga magoti kwa simiti. Kwa Kiswahili ni pia ya goti, na kwa kamusi utakuta huo mfupa vilevile unaitwa kilegesambwa. Patela lenyewe ni neno la Kilatini, wao huandika patella kwa l mbili, na maana yake ni kisahani ama kikaango kidogo, kitu cha jikoni kabisa! Celsus, Mroma aliyeandika mambo ya tiba karne ya 1, tayari anautaja huo mfupa kwa hilo jina. Na neno hilo hilo lilizunguka likapitia Ufaransa likafika Valencia kule Hispania likawa paella, ule wali wao wa kupikwa kwa kikaango kipana.

Kutamka ni rahisi, pa-TE-la, unakaza hapo kwa te, vile tu maneno yetu hukazwa. Na hata patera ya mama ni neno, Warumi walikuwa nalo, lilikuwa bakuli la kumwagia miungu yao divai.

Lakini mi naona jina letu limeushika huo mfupa vizuri kuliko la Warumi. Tukiwa watoto Nyalenda tulikuwa tunachonga pia, ile ya kuchezea, kwa mti wa mpera, juu pana, chini ncha, unaizungushia kamba unairusha, ikianza kulegea unaichapa na ile kamba inazunguka tena mpaka vumbi inatoka. Sasa angalia picha ya patela popote. Juu ni pana, chini imechongoka, ncha inaangalia mguuni, yaani ni pia tupu! Kisahani hakina ncha. Mtu aliyeupatia jina hili alikuwa ameuangalia kwa makini na namheshimu sana.

Na kazi inafanya si ndogo. Imekaa ndani ya kano nene inayotoka kwa misuli ya paja, inaisukuma hiyo kano mbele kidogo ndio misuli ipate nguvu ya kunyoosha mguu, ka ile gurudumu kamba ya kisima hupita juu yake. Mtoto akizaliwa pia yake bado ni gegedu laini, mfupa wenyewe huanza kuonekana akiwa na kama miaka 3 hadi 6.

Madaktari wetu, tafadhali, andikeni patela kwa faili lakini mkiongea na mama semeni pia ya goti, ama hata mguse tu hapo kwa kidole. Hiyo ni sekunde mbili.

Mi nilimweleza jioni hiyo hiyo. Alikuwa kwa mkeka, miguu imenyooka, nikamwambia alegeze paja kabisa halafu ashike ule mfupa wa goti lile halikuumia kwa kidole gumba na cha shahada, ausukume kando. Ukasonga, kushoto, kulia. Nikamwambia sasa kaza paja, akakaza, ukagoma kusonga. Akalegeza tena akasukuma tena, ka mara tano hivi, bila kuongea. Kisha akamwita mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni, "Kuja, nyoosha mguu nikuonyeshe pia yako."