Mama, goti lake na tiketi ya euro 58

Mama alipopata viza ya kuja kunitembelea Leipzig, Ujerumani, Mei 2025, furaha ilidumu siku mbili. Ya tatu nikaanza kupiga hesabu ya nauli. Nasomea uuguzi, na posho ya mwanafunzi inajulikana. Yeye huko Tabora alishajipangia ratiba: München kwa shangazi, Berlin akaone kipande cha ule ukuta, na Dresden kwa sababu mke wa mchungaji wao aliwahi kufika huko na hajaacha kusimulia.

Kwanza nikavutiwa na German Rail Pass, pasi ya treni za Ujerumani. Hiyo wanauziwa wasioishi Ulaya tu: unachagua idadi ya siku, unazitumia ndani ya mwezi mmoja, unapanda treni unayotaka, hata ICE zile za mwendokasi. Ya siku 3 ilikuwa inacheza kwenye euro 200. Ningejikamua. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba mimi naishi hapahapa, kwa hiyo pasi hiyo siruhusiwi. Mama angekuwa na uhuru wa kupanda treni yoyote, mimi nina tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwenye treni moja ya saa fulani. Na mama haendi popote bila mimi. Hata "Ausgang", yaani njia ya kutokea, hajui ni nini. Uhuru wa euro 200 ungekuwa umefungwa kamba kwenye tiketi yangu.

Ikabaki Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, tulipoinunua ilikuwa 58. Mwezi mzima unapanda treni za mikoa, tramu na mabasi ya mjini nchi nzima, ila ICE na IC, treni za masafa marefu, hapana. Mimi ninayo siku zote. Wageni wengi inawaponza kwa jambo moja: si tiketi ya kununua ukaisahau, ni ya kujiunga, na inajirudia yenyewe. Usipoisitisha kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Ya mama niliisitisha tarehe 8, nikapiga picha ya uthibitisho, maana najijua.

Kwa Dresden, saa moja na nusu, haikuwa na mpinzani. Berlin pia. Tatizo lilikuwa München. Kwa treni za mikoa ni kama saa 7, unabadilisha Zwickau na Hof. Kwa ICE ni saa 3 na dakika kidogo. Mama ana miaka 67 na goti la kushoto linalotabiri mvua. Nikafungua programu ya treni wiki tano kabla, nikakuta tiketi za punguzo za euro 27.99 kila mmoja, kila upande. Kwa wawili, kwenda na kurudi, ni kama euro 112. Nikanunua zile za rahisi kabisa, ambazo ukishalipa huwezi kuzirudisha.

Kwenda tulikwenda vizuri, mama akilalamika tu kwamba treni inakimbia hadi haoni mashamba ya watu.

Jumapili ya kurudi, treni yetu ilikuwa saa nane na robo mchana. Saa sita nikamwambia shangazi tunaaga. Akanitazama kama nimemtukana. "Mgeni wangu katoka Tabora, halafu aondoke pilau iko jikoni?" Pilau ikaiva saa saba na dakika ishirini. Ikapakuliwa. Ikaombewa, na shangazi akiomba hana haraka. Tulifika jukwaani saa nane na dakika kumi na tisa. ICE imeondoka, na tiketi zetu zimekufa nayo. Nikaangalia bei ya ICE inayofuata: zaidi ya euro 100 kwa kila mtu.

Nikakumbuka ile ya 58 iko kwenye simu.

Tulipanda treni ya kwenda Hof kupitia Regensburg. Mama akakaa dirishani, na kila iliposimama alisoma bango la stesheni kwa sauti, herufi kwa herufi. "Hii sasa ndiyo treni," akasema, "kama ya kwetu, inasalimia kila kijiji." Hof tukashuka, ngazi chini, ngazi juu, nimebeba mkoba wangu na wake, yeye kakumbatia bakuli la pilau alilofungiwa na shangazi. Zwickau tukaila tukisubiri, baridi, kwa kijiko kimoja.

Leipzig tuliingia usiku. Akauliza tumelipa ngapi kwa safari hiyo ndefu. Nikamwambia hatujalipa kitu, ni ileile ya mwezi.

"Sasa yale mahela ya kuwahi ulitoa ya nini?"

Kesho yake asubuhi nilimkanda goti na maji ya moto. Hakurudia swali.