Jina la Herufi Tisa

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa kompyuta kwenye sekretaria moja ya Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kibanda cha mbao chini kidogo ya soko. Tulichapa barua, kazi za wanafunzi, na kiangazi kikifika, mialiko ya ndoa.

Kwa mialiko sikuwa na mjadala: mwandiko wa kompyuta uitwao Edwardian Script. Mchoraji wa herufi Ed Benguiat aliichora mwaka 1994 akiiga kalamu ya chuma yenye ncha. Mkono ukishuka unakandamiza, mstari unanenepa. Ukipanda unalegea, mstari unakuwa kama unywele. Na herufi kubwa zake! T moja inalifunika neno zima kama mwavuli. Nilikuwa naiweka hata pasipohitajika, mpaka kwenye tangazo la mbuzi aliyepotea.

Akaja papa mmoja wa Ibanda anayeozesha binti. Nikamwonyesha mfano. Akagusa kioo kwa kidole: "Mutoto wangu, jina ya familia inaandikwaka na herufi kubwa."

Kweli, kwetu ndivyo tulivyozoeshwa tangu shuleni: la ubatizo kwa ndogo, la familia kwa kubwa. Nikageuza herufi zote tisa kuwa kubwa, nikachapa kadi 150 za karatasi nzito, jenereta ikinguruma nje. Nilitazama, lakini jina nilikuwa nalijua tayari, na jicho linalojua halisomi.

Kesho yake alikuja na mama. Mama akavaa miwani, akaipeleka kadi mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza kidogo.

"Papa, hii ni jina ya nani?"

Lilikuwa lake, la ndoa, miaka thelathini. Herufi kubwa za mwandiko ule zimechorwa kutangulia, ndogo zifuate zikishikana mikono. Nilipozipanga tisa, kila moja ilitaka kuwa kichwa cha msafara: mkia wa M ulimkaba jirani yake, na katikati palikuwa na nyuzi tupu.

Papa hakufoka. Aliomba biki, akageuza kadi, akaandika jina lake mara mbili. Kwanza kwa mwandiko wa kushikanisha, ule wa watu waliojifunza kwa kalamu ya kuchovya, M moja tu mbele. Kisha kwa kubwa, zimesimama wima, kila moja peke yake, bila mkia.

"Unaona? Kubwa hazishikanaka."

Nikarudia kazi. Edwardian Script nikaiachia majina mawili ya maarusi, makubwa katikati. Familia, saa na ukumbi vikaingia kwenye herufi wima za Times New Roman, maana ile mistari ya unywele mashine yetu ilikuwa inaimeza kila wino ulipopungua. Gharama ya karatasi patro, mwenye sekretaria, aliikata kwenye mshahara wangu.

Mke wa patro aliuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni. Kadi zilizoharibika akazichukua, akaandika bei kwa nyuma, na kiangazi chote nilipopita pale niliona mkia wa ile M ukichungulia kati ya samaki.