Kupanda Machame kufuata jibini

Duka la jibini la mlimani ukilifikia saa nne asubuhi, utakuta watu wanapiga deki na kazi ya kupokea maziwa imekwisha. Uwe mlangoni saa moja, saa mbili ikizidi sana. Kwa hiyo ilinibidi kupanda Hiace za alfajiri pale Moshi mjini, kushika barabara kuu ya Arusha, kisha kwenye njia panda ya Machame gari likakata kulia na kuanza kupanda. Moshi iko kwenye mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari. Lango la Machame, wanakoanzia wapanda Kilimanjaro, liko karibu mita 1,800. Duka nililolifuata liko katikati ya hapo, na baridi yake ndiyo inayowawezesha ng'ombe wa kisasa kutoa maziwa bila kuhema kwa joto.

Ng'ombe wenyewe huwaoni barabarani. Wako bandani, nyuma ya migomba, wanakatiwa majani ya tembo na kupasuliwa vigogo vya migomba. Wakati wa kiangazi utakutana na pikapu zimerundikwa mabua ya mahindi na maganda ya maharage kutoka mashamba ya tambarare, yote yakipandishwa kulisha mifugo ya juu. Mgeni huona mzigo wa takataka, kumbe ndiyo maziwa ya wiki ijayo.

Foleni ya mapokezi ilikuwa ya akina mama watupu, keni za aluminiamu mkononi. Madumu ya plastiki hayapokelewi: plastiki hupata mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo bakteria hujificha hata ukisugua kwa maji ya moto. Kijana wa mapokezi hukoroga keni, huchota kidogo kwa bomba la sindano, anachanganya na spiriti ya asilimia 70, nusu kwa nusu, kwenye kikombe cha kioo. Yakibaki laini yanapita. Yakifanya chembechembe ukutani mwa kikombe, yameanza kuchacha.

Keni ya tatu ikafanya chembe.

"Shikamoo mama. Haya ya jana jioni umeyachanganya na ya asubuhi?"

"Marahaba. Nimechanganya kidogo tu, baba."

Kidogo hicho kinatosha. Maziwa ya jioni yaliyolala bila ubaridi yana bakteria wengi, na ukiyamimina kwenye ya asubuhi yaliyo bado na joto la ng'ombe unawaandalia karamu. Mama akarudishiwa keni yake, akagandishe mtindi nyumbani.

Baada ya spiriti ni laktomita, kipimo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha uzito wake, kukamata walioongeza maji. Maziwa mazima husoma kati ya 28 na 32 yakiwa na nyuzi 20. Yakishuka chini ya hapo, swali linaulizwa. Kasoro moja inayopenya vipimo vyote viwili ni dawa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa mazuri kwa macho, kwa spiriti na kwa laktomita, lakini antibayotiki iliyomo huua bakteria wa kuchachusha. Sufuria nzima inabaki tamu, haigandi inavyopaswa, na mfugaji mmoja amewaharibia wenzake wote. Ndiyo maana ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: siku za kusubiri zilizo kwenye chupa ya dawa zifuatwe, usikisie.

Jibini inayowapa jina hapa ni ya mtindo wa gouda, jibini ngumu ya Kiholanzi. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo dakika 30, kisha hupozwa haraka hadi 32. Kupasha huko huua vimelea lakini pia hudhoofisha kuganda, hivyo huongezwa kloridi ya kalsiamu, isizidi gramu 20 kwa lita 100. Inafuata chachu, yaani bakteria wa kuchachusha, lita moja hadi mbili kwa lita 100, na baada ya kama nusu saa, reneti, kimeng'enya cha kugandisha maziwa. Reneti huyeyushwa kwanza kwenye maji baridi yaliyochemshwa. Maji ya bomba yenye klorini huiua, na hapo utasubiri kuganda mpaka uchoke.

Dakika 30 hadi 40 baadaye mpishi huchomeka kisu kwa mshazari na kuinua. Ufa ukipasuka wima, kingo zake zikiwa safi na maji ya kijani kibichi yakijaa ndani, umefika. Ufa ukiwa kama uji, ongeza dakika tano. Maziwa yaliyoganda hukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Watu wengi wanaoanza hukoroga kwa nguvu hapo hapo. Punje bado ni laini, zinavunjika, na mafuta yanakwenda na maji. Mpishi huyu aliziacha dakika tano zijikaze, akakoroga polepole kama robo saa, kisha akatoa theluthi ya maji na kurudishia maji safi ya moto, kidogo kidogo, mpaka sufuria ikafika nyuzi 37. Maji hayo huosha sukari ya maziwa. Usipoosha, bakteria wataendelea kuila, na gouda yako itakuwa kali na ya kumeguka.

Punje zikishatiwa kwenye kalibu, chombo cha kuipa jibini umbo, hukandamizwa; uzito wa kwanza ni mwepesi, karibu sawa na uzito wa jibini yenyewe. Baada ya nusu saa hugeuzwa na kuongezewa. Ukianza na jiwe zito, ngozi ya nje inaziba na maji yanabaki ndani. Baada ya wiki chache utaona nyufa na kuonja uchachu. Halafu ni bafu la chumvi, kilo moja ya chumvi kwa lita nne za maji, kwa kadiri ya saa nane kwa jibini la kilo moja. Ukigusa jibini ukakuta linateleza kama sabuni, bafu ni jipya mno: maji hayana kalsiamu, yanainyonya kutoka kwenye ngozi. Kijiko cha kloridi ya kalsiamu na siki kidogo hutibu.

Chumba cha kukomazia ndicho kinachonifanya nilipende duka hili kuliko mengine yenye vibao vikubwa. Mbao safi, nyuzi 12 hadi 15, unyevu wa asilimia 80 na kidogo, na kila gurudumu la jibini lina tarehe. Hugeuzwa kila siku wiki za mwanzo, la sivyo unyevu hukaa chini na ukungu unaotea huko. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mlango hufungwa na haufunguliwi ovyo. Joto likivuka 20 jibini hutoa jasho la mafuta. Gonga gurudumu kwa kidole. Sauti nzito ni salama. Sauti ya uwazi ina maana gesi imejaa ndani. Jibini likivimba siku mbili za mwanzo, kosa ni la usafi wa ukamuaji au vyombo. Likivimba baada ya wiki kadhaa, shuku sileji mbovu, yaani majani yaliyovundikwa, aliyolishwa ng'ombe. Mbegu za bakteria wa sileji hiyo hazifi kwa nyuzi 63.

Dukani, usikimbilie jibini la mwezi mmoja kwa sababu ni jipya. Halina ladha bado. Wanalitaka wapika piza. Omba la miezi miwili au mitatu. Kuhusu bei, kuna hesabu isiyodanganya: kilo moja hula takriban lita kumi za maziwa. Uliza lita inauzwaje hapo hapo, zidisha kwa kumi, na bado hujalipa kuni, mishahara na muda wa kukaa rafuni. Ukiuziwa chini ya hapo mjini, jiulize imetengenezwa na nini. Wenyeji niliowaona, kwa kweli, walinunua mtindi, jibini likaachiwa hoteli na wageni. Rikota, inayopatikana kwa kuchemsha maji ya jibini mpaka karibu nyuzi 90 na kutia siki, ni rahisi na tamu, ila haistahimili safari bila barafu.

Nilipoomba vipande, muuzaji alikataa. "Chukua kipande kizima, kaka. Ukikata hapa, ukifika Moshi kimeshakauka." Amesema kweli. Alikifunga kwa karatasi, si nailoni, kwa kuwa jibini likitoa jasho ndani ya nailoni huanza kunuka. Kwenye Hiace usikae kiti cha mbele juu ya injini, na mfuko usiweke sakafuni. Nyumbani kiweke droo ya mboga, mbali na kitunguu, ukitoe nusu saa kabla ya kula.